Kabla ya Gundi, Pima Hewa: Kwa Anayeanza Kutengeneza Gitaa Kavu Dar

Gitaa langu la kwanza lilipasukia Dodoma. Nilikuwa nimelitengeneza barazani kwangu Tabata, mwezi wa nne, masika imepamba moto, nguo zinakaa kambani siku tatu hazikauki, na mimi nabandika gundi huku najisifu. Binamu yangu akaja kusalimia, akalipenda, akaondoka nalo kwenye basi. Agosti akapiga simu. "Kaka, jana usiku limelia pwaa! Nikadhani mtu karusha jiwe dirishani." Ufa ulianzia chini ya daraja, pale nyuzi zinapofungwa, ukashuka mpaka kitakoni. Kisu kinapita.

Kwa hiyo kijana akija kwangu kuuliza anunue randa gani, namwambia kwanza atafute kipima unyevu. Ni kidude kidogo, cha bei nafuu kuliko msumeno mzuri. Hapa Dar hewa hukaa juu ya asilimia 70 siku nyingi, na asubuhi za masika hupita 80. Dodoma mchana wa kiangazi inashuka chini ya 40. Mbao haivimbi wala kusinyaa kwa urefu kiasi cha kukusumbua, inafanya hivyo kwa upana. Uso wa gitaa una upana wa karibu milimita 380. Ukiutoa Dar ukiwa umeshiba maji ukaupeleka bara, unataka kusinyaa hata milimita tatu. Lakini hauwezi, kwa sababu ndani umeukingamia kwa mataruma, vile vijiti vinavyoshikilia uso kama mataruma ya jahazi, na vyenyewe havisinyai kwa urefu. Mbao ikikosa pa kwenda inapasuka.

Viwanda vikubwa vya magitaa huko nje hufanya kazi kwenye vyumba vya asilimia 45 hivi. Wewe huna chumba hicho, mimi pia sina. Nilichonacho ni kabati la zamani la nguo. Chini nimeweka taa mbili za wati 40, zile za zamani zinazopata moto (LED haifai, joto lake dogo), nikatoboa tundu moja chini na jingine juu ili hewa itembee. Hewa ikipata joto, kipimo kinashuka, na ndani ya kabati napata 50 hata mvua ikinyesha. Uso, mgongo na mataruma vinakaa humo wiki mbili au tatu kabla ya kuunganishwa. Navitoa, napaka gundi, nabana, navirudisha humo humo. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi sigusi gundi, hata mteja anung'unike vipi. Na kama una nafasi ya kuchagua, kazi ya kubandika mataruma ifanye kati ya Julai na Septemba, upepo wa kusi ukivuma, mchana badala ya asubuhi.

Sasa mbao. Vitabu vyote vitakuambia uso uwe wa sprusi, mti wa nchi za baridi. Hapa sprusi utaiagiza kwa fedha ambazo anayejifunza hapaswi kuzichezea. Mimi natumia saipresi ya milimani, na Wahispania wenyewe wanajengea saipresi migongo na mbavu za magitaa yao ya flamenko, sembuse sisi. Ukienda kuchagua, usiangalie ubao kwa ubapa wake. Utazame kichwani, pale uliposimama msumeno. Mistari ya miaka iwe imesimama wima kama meno ya kitana. Ikiwa imelala au imepinda kama tabasamu, huo ni wa kabati. Kisha ushike kwa vidole viwili karibu na pembe, ugonge katikati kwa kifundo cha kidole, usikilize. Mafundi wa Keko walinicheka miezi mingi, "Yule anayebisha hodi kwenye mbao amekuja!" Siku hizi wananiwekea.

Mgongo na mbavu, anza na mninga. Ni mbao tulivu, haisinyai sana, na mafundi wetu wanaifahamu. Mgongo wa gitaa langu la tatu ulikuwa ubavu wa kitanda kilichovunjika, umekaa chumbani kwa watu miaka isiyojulikana. Mbao ya namna hiyo imeshamaliza ukaidi wake wote. Funga kitambaa puani unapopiga msasa, vumbi la mninga litakupigisha chafya hadi usiku.

Ubao wa freti, ule wa juu ya shingo wenye vile vijichuma vya kukingama ambapo vidole hubonyeza nyuzi, ni mpingo, hapo sibishani na mtu. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na nyuzi haziuli upesi. Nilikwenda kwa wachonga vinyago Mwenge kuomba vipande wasivyovihitaji. Mzee mmoja akanipa kimoja, akakinusa kwanza. "Huu bado unakunywa maji, kijana. Kaa nao miaka miwili." Nilikaa nao miezi mitatu, ukapinda kama upinde. Siku hizi napaka nta ya mshumaa kwenye vichwa vya kila kipande ili visichanike, naandika tarehe, naweka juu ya kabati nasahau. Nunua kwa mtu mwenye vibali na udai risiti. Miti yote ya jamii ya mpingo imo tangu 2017 kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ingawa magitaa yaliyokamilika yalilegezewa mwaka 2019.

Kukunja mbavu kunawatisha wengi bure. Unahitaji kipande cha bomba jeusi la chuma la inchi mbili, lisilopakwa zinki, kwa sababu zinki ikipata moto mkali inatoa moshi mbaya. Lifunge kwenye jiriwa, uingize mkaa unaowaka kwa upande mmoja. Dondosha tone la maji juu yake, likiruka na kupotea mara moja, bomba liko tayari. Ubavu uwe umeurandia mpaka milimita mbili, usizidi, na uulowanishe kidogo tu. Uegemeze kwenye bomba, uwe unautembeza taratibu. Mikono yako itataka kusukuma. Izuie. Kuna sekunde ambayo utasikia ubao umelegea, kama chapati inayogeuka laini kikaangoni, na hapo ndipo unapokunja, kidogo tu, kisha unasogea mbele. Nilivunja mbavu tano kabla ya kuijua sekunde hiyo. Ya sita nilikuwa nimechoka, sikuwa na nguvu za kusukuma, ikakubali.

Freti ni hesabu, na hesabu haina huruma. Tuseme urefu wa uzi, kutoka mwanzo wa shingo upande wa kichwa hadi darajani, ni milimita 650. Gawanya kwa 17.817, unapata 36.5, hiyo ni freti ya kwanza. Baki ya 613.5 igawanye tena kwa 17.817, unapata 34.4, ijumlishe na 36.5 upate freti ya pili, na kuendelea. Ya 12 lazima iangukie 325, nusu kamili, isipoangukia hapo rudia. Kosa la kila anayeanza ni kupima kutoka freti moja hadi inayofuata. Kila mara unakosea unywele mmoja, ukifika ya 12 una nywele kumi na mbili. Andika hesabu zote karatasini, kisha pima kila freti kutoka mwanzo wa shingo, kwa rula ya chuma. Futikamba ya fundi cherehani inavutika.

Kisha daraja. Usiliweke kwenye 650 kamili, kwa sababu kidole kinapobonyeza uzi kinauvuta kidogo na sauti inapanda. Lirudishe nyuma, uzi mwembamba milimita 2 hivi, uzi mnene 4 au zaidi kidogo. Daraja la gitaa langu la pili nililiweka kwenye 650, na mpigaji mmoja wa kwaya akaniambia kwa upole kwamba gitaa langu linaimba kwaya mbili.

Mfupa wa kupitishia nyuzi usinunue. Omba kwa muuza supu, uchemshe mpaka mafuta yaishe, uanike, ukate. Vanishi iwe nyembamba. Nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta karibu kilo 70 kwa pamoja, na gundi nyeupe hulegea kwenye joto kali, kwa hiyo mwambie mteja asiliache ndani ya gari juani. Atakuitikia, kisha ataliacha.

Na kabla hujafunga mgongo, andika kwa penseli ndani, juu ya mbao yenyewe: mwezi, aina ya mbao, na kipimo cha hewa siku ya gundi. Gitaa la Dodoma liliporudi sikuwa na pa kuanzia, nilikuwa sijaandika chochote. Nililiweka na kitambaa chenye maji siku nne mpaka ufa ukajifunga wenyewe, nikaupaka gundi, nikabandika kwa ndani viraka vya saipresi vyenye ukubwa wa stempu. Kisha nikaingiza mkono kwenye tundu na penseli, nikaandika kwa kupapasa: "Kiraka, Oktoba, 52. Binamu, kitambaa kibichi ndani ya mfuko wake kila kiangazi."