Pasi ya mkaa ya bibi: usiipeleke skrepa, na usiipake rangi ya dhahabu

Dada, kwanza pole kwa kuondokewa na bibi. Umeuliza ufanye nini na pasi yake ya mkaa iliyoshika kutu, beseni lake la kufulia na vibanio vya mbao. Shemeji anaona viende kwa wanunuzi wa skrepa, wewe unatamani vikae sebuleni. Mimi niko Tanga na jambo hili nimelipitia, basi nikueleze nilivyofanya, pamoja na kosa ambalo sitaki ulirudie.

Babu yangu alikuwa dobi. Pasi yake ni ile ya chuma yenye matundu ya hewa ubavuni, kishikio cha mbao, na jogoo mdogo mbele anayefunga kifuniko. Kila asubuhi aliitia mkaa, akatoka nayo uani na kuiyumbisha huku na huku mpaka moto ukolee, kisha akaipitisha juu ya jani bichi la mgomba ili iteleze na isichafue kanzu za watu. Harufu ya lile jani likiungua ninayo puani hadi leo. Alipofariki, wengine waligawana vingine, mimi nikaomba pasi.

Nilivyoipata nikawa na haraka ya kuipendezesha. Kishikio nikakifungua nikampelekea seremala akipige msasa, mwenyewe nikanunua rangi ya dhahabu ya kupuliza. Seremala alifanya kazi nzuri, kishikio kikarudi laini kama kipya. Nilipokishika ndipo nikajua nimepoteza nini. Pale kidole gumba cha babu kilipokuwa kinakaa palikuwa na kijibonde, kimechimbwa na miaka ya kushika, na sasa hakipo. Nililia, sikufichi. Ile rangi nayo haikuvuka hata masika moja, kwa sababu kutu niliyoifunika iliendelea kula chuma kwa chini na kuisukuma juu, ikabanduka magamba magamba.

Kwa hiyo kishikio cha bibi yako usikiguse kwa msasa hata kama kimeungua upande mmoja. Alama ile ya kuungua ni yake. Kifute tu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kikishakauka kipake nta ya nyuki.

Sasa chuma. Anza kwa kumwaga majivu yote yaliyobaki ndani, mpaka kwenye pembe, kwa sababu majivu huvuta unyevu na kutu nyingi huanzia humo. Halafu chukua sumaku uiguse kila sehemu. Isiponata, hapo ni shaba, na pasi nyingi za chuma huwa na jogoo wa shaba. Shaba isugue kwa ndimu na chumvi, isuuze, ikaushe, imekwisha hiyo. Chuma kisugue kwanza kwa brashi ya waya, kisha kifungashe vitambaa vilivyolowa siki nyeupe na ukiache usiku kucha. Sikushauri kuitumbukiza pasi nzima kwenye ndoo, maana mbao ikinywa siki inavimba na kupasuka. Mimi nilifungua skrubu za kishikio, lakini za kwako zikiwa zimeng'ang'ania ziache, zikikatika hutapata za aina ile. Asubuhi sugua kwa stili waya, suuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, futa upesi na uianike juani. Usiiache na maji hata nusu saa, kutu inarudi ukiwa unaiangalia. Ikiwa bado ina joto la jua ipake nta ya nyuki, italainika na kuenea kwa urahisi. Bawaba ya kifuniko itie tone la mafuta ya cherehani. Kwetu pwani hewa ina chumvi, hivyo narudia nta kila baada ya miezi michache. Itabaki nyeusi nyeusi yenye madoa ya kahawia, na hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe.

Pa kuiweka? Watu hupenda kuitia maua. Udongo wenye maji ndani ya chuma utarudisha kutu yote uliyoitoa, basi ukitaka maua, weka kikopo kinachoenea ndani na mmea ukae humo. Mshumaa usiwashe kabisa, kishikio kipo juu yake. Yangu mimi inazuia mlango wa uani. Upepo wa kusi ukianza kuvuma, mlango ule ulikuwa unajibamiza mpaka tunashtuka usingizini, na uzito wa pasi umemaliza tatizo. Chini nimeibandika kipande cha blanketi kuukuu isikwaruze sakafu. Kama una watoto wadogo, funga kifuniko kwa waya mwembamba, la sivyo watabanwa vidole.

Beseni sijui la kwako ni la aina gani. Kama ni la bati, litoboe chini kwa msumari na upande mimea ya kivulini, kwa sababu bati likipigwa na jua huchoma mizizi. Kama ni lile jeupe la enameli lenye maua, usilitoboe, litapasuka magamba, liweke tu kama lilivyo likiwa na mashuka au magazeti. Matunda usiweke, hasa likiwa limebanduka, maana rangi nyekundu na za manjano za vyombo hivyo vya zamani huweza kuwa na kadimiamu au risasi.

Vibanio ndivyo rahisi. Mimi nimevuta kamba ya katani ukutani na kubania picha za familia, ya babu akiwa katikati. Kwenye kila kibanio weka kikaratasi kati yake na picha, ile springi ikishika kutu huacha doa lisilotoka.

Kabla hujaanza kusugua, piga picha ya kishikio kwa karibu, na ya ubavu wa pasi kama kuna herufi au namba zilizochorwa kwenye chuma. Zitume hapa tuzione, na usimpe mtu yeyote akusaidie kusafisha kabla hujamwonyesha sehemu zisizoguswa.