Kashata za kakao na kikombe cha bati cha bibi

Mhariri salaam. Wiki hii mmeuliza ni kitu gani kitamu cha chokleti kinapikwa nyumbani kwetu na nani alitufundisha. Swali nimelisoma nikiwa kwenye daladala nikasema hili lazima nijibu, maana sisi kwetu Kyela, na Kyela ndo kakao yenyewe, sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka huko kwetu kando ya Ziwa Nyasa, ila wengi wanaoilima hawaili. Inavunwa, inavunjwa, inavundikwa, inaanikwa, inaenda ghalani, basi. Sisi watoto fungu letu lilikuwa ule utelezi mweupe unaozunguka mbegu, unafyonza, mtamu na una uchachu kwa mbali kama stafeli, halafu mbegu unatemea kwenye ndoo maana ile ndo ada ya shule.

Bibi yangu mzaa mama yeye alikuwa tofauti. Ujana wake alipika kwenye nyumba ya wageni ya misheni, huko akawa anakorogea wageni kakao ya unga ya kwenye kopo, siku moja akanusa lile kopo vizuri akajiuliza, hivi hii si ndo harufu ya vichanja vya nyumbani? Akarudi kwake akaanza kujaribu mwenyewe, na alichokifikia ni kashata. Sio keki, sio pipi. Kashata za karanga kama za kila siku ila ndani ina kakao, nyeusi, inang'aa, ukiuma kwanza unapata uchungu ndo utamu unakuja nyuma.

Sasa wengi wanadhani kazi ni kupika, jamani kazi inaanza kwenye kuvundika. Mbegu mbichi zinafunikwa kwa majani ya migomba kama siku 6, unazigeuza kila baada ya siku 2, na zinapata moto zenyewe mpaka ukizamisha mkono unautoa haraka. Kakao ambayo haikuvundikwa bibi hakuipokea kabisa, alikuwa anapasua mbegu moja kwa kisu anaangalia ndani, ikiwa bado ngumu ya kijivu anairudisha, na alikuwa sahihi, bila kuvundikwa ile harufu ya chokleti haiji hata ukaange vipi.

Zikishakauka unakaanga kwa moto mdogo wa mkaa dakika 25 hivi, mwiko hauachi kuzunguka, mpaka zianze kupasuka pa, pa, pa na nyumba nzima inukie. Unasugua kwa viganja ganda linatoka, unapepeta kwenye ungo, unatwanga kwenye kinu halafu unamalizia kwenye jiwe. Na hapa ndo pana siri ya mama yangu, jiwe analipasha kwanza, analiweka karibu na jiko mpaka ukiligusa liwe vuguvugu. Mbegu ya kakao karibu nusu yake ni mafuta, na hayo mafuta yanayeyuka kwenye nyuzi kama 34, chini ya joto la mwili wako, ndo maana chokleti inayeyukia mdomoni. Jiwe likiwa la baridi unasaga unga mkavu mpaka mkono uchoke, likiwa la moto kakao inalainika yenyewe inakuwa uji mzito mweusi. Nilikuja kuona video ya akina mama wa Oaxaca huko Meksiko, na wao wanasagia kwenye jiwe wameweka makaa chini yake, nikampigia mama simu usiku ule ule nikamwambia mama wenzako hawa hapa! Akacheka akasema kumbe bibi yako hakukosea.

Kipimo sasa. Bibi alisema nusu kilo ya karanga zilizokaangwa, kikombe kimoja cha kakao iliyomenywa, kikombe kimoja cha sukari, maji nusu kikombe, iliki. Alipofariki kila mama mdogo akapika kwake na kila mmoja kashata zikamkatalia, zinameguka kama mchanga, hazishikani, ikaanza kusemwa bibi kaondoka na mkono wake. Iliniuma sana kusikia vile maana tulikuwa tunakubali kuzikosa. Likizo moja nikafungua kabati la mama nikakuta kile kikombe cha bati cha bibi chenye maua mekundu, kimetoboka kwenye ukingo, nikakijaza maji nikayapima, mililita 400! Na hivi vya plastiki vya dukani tunavyotumia ni 250. Yaani miaka yote hiyo karanga tunapima kwa kilo hazibadiliki ila sukari tunaweka kidogo, shira itashikaje? Nikapima sukari ya kikombe cha bibi kwenye mzani, gramu 340, nikaandika kwenye daftari, nikawatumia mama wadogo wote. Jumapili ile ile mmoja akatuma picha sinia limejaa, zimekatwa pembe pembe, akaandika "ndaga fijo mwanangu", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na nikalia.

Shira unaiangalia hivi, chukua tone weka katikati ya kidole gumba na cha shahada, vitenganishe, ikivuta uzi ndo unatia kakao na karanga na kugeuza kwa nguvu, kisha mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta na ukate ikiwa bado ya moto.

Na wale mnaoyeyushia chokleti ya dukani kwa ajili ya keki, ikidondokewa na maji kidogo ikagandamana msiimwage. Ongeza vijiko viwili vitatu vya maji au maziwa ya moto ukoroge, inarudi laini, ya kupaka juu ya keki inafaa kabisa. Hilo pia ni la mama.

Maganda hatutupi, mama anayachemsha na tangawizi tunakunywa kama chai wakati sinia linapoa. Mwezi wa 12 tunashuka Kyela, mama ameshasema safari hii mwiko atashika binti yangu, ana miaka 9, na kikombe cha bati nimekipeleka kwa fundi akakiziba.