Usimtupe Gyarados wako

Mdogo wangu wa Mwanga, unasema kila ukicheza Pokémon, mchezo wa video wa kupambanisha viumbe, na wenzako hapo Kigoma, kiumbe wako Gyarados anaangushwa kwa pigo moja la umeme. Ni lazima aanguke: yeye ni wa aina ya maji na anga kwa pamoja, kwa hiyo umeme unamuumiza mara 4. Hata ukimlea hadi leveli ya 100 hutoboi kwa nguvu peke yake.

Anza na mapigo. Hiyo Hydro Pump, pigo la maji uliyompa, inategemea Special Attack (nguvu ya mapigo maalumu), na kwake kiwango cha msingi ni 60 tu wakati Attack (nguvu ya mapigo ya mwili) ni 125. Mpe Waterfall, pigo la maji linalotumia Attack. Wengi wanang'ang'ania Hydro Pump kwa sababu inapendeza kwenye skrini, basi! Halafu mfundishe Dragon Dance, inayopandisha Attack na kasi kwa mara moja na nusu.

Lakini siri kubwa ni muda wa kumwingiza. Mlete Gyarados pale adui anapotaka kupiga Earthquake, pigo la ardhi. Mapigo ya ardhi hayamgusi kabisa, na akiingia tu, kipaji chake cha Intimidate kinashusha Attack ya adui papo hapo. Ukihisi umeme unakuja, mtoe umwingize Swampert, ambaye ni maji na ardhi, umeme haumfanyi kitu. Adui akijibu kwa mapigo ya majani, balaa la Swampert, rudisha Gyarados. Majani yanamuumiza kawaida tu.

Chunga Stealth Rock, mawe ambayo adui anayatega upande wako, inamla robo ya uhai kila akiingia. Na kama lazima abaki mbele ya umeme, mshikishe tunda la Wacan Berry: pigo la kwanza la umeme linapungua nusu.