Mashine Inayoandika Programu na Kusoma Picha za Wagonjwa: Maswali Yenu na Majibu

Maswali yaliyopokelewa safari hii yametoka kwa watu wa fani mbili ambazo kwa kawaida hazikutani: wanaounda programu za kompyuta na wanaohudumia wagonjwa. Nimeyachanganya kwa makusudi, kwa kuwa naona wote wanauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: mashine ikishafanya sehemu ya kazi, ni nani anayebaki na uwezo wa kujua kwamba imekosea?

Swali: Ninasoma sayansi ya kompyuta, mwaka wa pili. Wenzangu wanasema tunapoteza muda kujifunza kuandika msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata, ilhali akili mnemba inauandika kwa sekunde chache. Niendelee au nibadilishe fani?

Endelea, ila elewa vizuri unajifunza nini. Kuandika mistari ya msimbo hakujawahi kuwa sehemu ngumu zaidi ya kazi ya mhandisi wa programu. Kazi yenyewe ni kuelewa mtumiaji anahitaji nini hata pale ambapo yeye mwenyewe hawezi kulieleza hitaji lake, kuligawa tatizo kubwa katika vipande vinavyotatulika, kukisia mfumo utaelemewa wapi, na kusoma msimbo ulioachwa na mtu aliyeondoka kazini zamani ili kuurekebisha bila kuharibu kinachofanya kazi. GitHub Copilot, zana inayopendekeza msimbo iliyoanza kutolewa kwa majaribio mwaka 2021, na ChatGPT, programu ya mazungumzo iliyotoka Novemba 2022, zimeharakisha sana uandishi. Sehemu nyingine za kazi zimeguswa kidogo zaidi, na baadhi zimekuwa nzito kuliko zamani kwa sababu sasa kuna msimbo mwingi wa kukagua.

Inafaa ujue zana hizi zinavyofanya kazi. Ndani yake mna modeli ya lugha, yaani programu inayotabiri, kipande baada ya kipande, ni maandishi gani yanaelekea kufuata yale yaliyotangulia, kwa kuzingatia maandishi mengi mno iliyofunzwa nayo. Kwa hiyo msimbo wake huwa na sura nzuri hata unapokuwa na kosa, na hilo ndilo linaloufanya uwe mgumu kukagua kuliko msimbo wa mwanafunzi mwenzako, ambao makosa yake mara nyingi yanaonekana juu juu. Upo mfano ambao kila anayeanza anapaswa kuujua: modeli hizi wakati mwingine hupendekeza maktaba za msimbo, yaani vifurushi vya msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, ambazo hazipo kabisa, na kwa kuwa majina hayo ya kubuni hujirudia, mhalifu anaweza kuliwahi jina mojawapo, akalisajili na kuweka chini yake msimbo wenye madhara, kisha akasubiri mtu aipakue bila kuangalia. Asiyejua maktaba halali inatambulikaje hana kinga yoyote hapo.

Ushauri wangu ni kwamba, kwa muda wote unaojifunza, uandike wewe kwanza, kisha uipe mashine kazi yako iikosoe. Usikabidhi mstari usioweza kuueleza. Tia bidii katika hifadhidata, mitandao, mifumo ya uendeshaji na uandishi wa majaribio, kwa sababu huko ndiko hukumu ya mhandisi inakojengwa, na waajiri wataendelea kuilipia hukumu hiyo. Sitakuficha, hata hivyo, kwamba zile kazi ndogondogo ambazo zamani alipewa anayeanza ndizo mashine inazifanya kwa urahisi zaidi. Kampuni inayoacha kuwapokea vijana kwa sababu hiyo inajinyima wahandisi wakongwe wa kesho, nami ningependa viongozi wa kampuni walitafakari hilo kabla ya kupunguza nafasi.

Swali: Mkuu wetu wa idara amenunua zana za akili mnemba na sasa anataka miradi ikamilike kwa nusu ya muda. Je, matarajio hayo yana msingi?

Inategemea kazi. Jaribio moja lililochapishwa mwaka 2023 liliwapa watayarishaji programu kazi fupi ya kuunda seva, yaani programu inayohudumia kompyuta nyingine, kwa lugha ya programu ya JavaScript, na waliotumia Copilot walimaliza kwa muda uliopungua kwa takriban asilimia 56. Hiyo ilikuwa kazi mpya, fupi, yenye mipaka iliyo wazi. Julai 2025, kikundi cha utafiti cha METR kilitoa matokeo ya jaribio lingine: wahandisi wazoefu 16 walifanya kazi 246 katika miradi mikubwa ya programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, waliyoifahamu vizuri, na kazi walizoruhusiwa kutumia akili mnemba ziliwachukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Walipoulizwa baadaye, wao wenyewe waliamini kwamba zana hizo ziliwaharakisha kwa takriban asilimia 20.

Majaribio hayo hayapingani. La kwanza linaonyesha faida pale ambapo hakuna historia ya kuiheshimu. La pili linaonyesha gharama ya kukagua na kurekebisha mapendekezo katika mfumo wenye desturi nyingi ambazo hazijaandikwa popote. Zana zimebadilika tangu wakati huo na zitaendelea kubadilika, lakini somo la kupima halichakai, kwani hisia ya kasi imethibitika kuwa shahidi dhaifu. Mwombe mkuu wenu mlinganishe muda kutoka siku kazi inapoagizwa hadi siku inapotumika bila hitilafu, na muhesabu pia saa za kukagua na za kutengeneza kilichoharibika baadaye.

Swali: Niko katika mafunzo ya radiolojia, fani ya picha za kitabibu. Tangu nilipoanza nimekuwa nikisikia kwamba kompyuta itachukua kazi yetu. Nitakuwa na kazi miaka kumi ijayo?

Kauli unayoikumbuka huenda ni ya Geoffrey Hinton, mtafiti wa akili mnemba, ambaye mwaka 2016 alisema kwamba watu waache kuwafunza wataalamu wa radiolojia, kwa kuwa katika miaka mitano mashine zingewapita. Hinton ni mwanasayansi mkubwa, na mwaka 2024 alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na John Hopfield. Miaka mitano hiyo ilipita, wataalamu wa radiolojia wakaendelea kuhitajika, naye baadaye akakiri kwamba alizungumza kwa ujumla mno. Ubashiri ulikosea kwa sababu uliichukulia fani yenu kuwa ni kuangalia picha tu, wakati ninyi pia huamua kipimo gani kifanywe, hulinganisha na historia ya mgonjwa, hushauriana na daktari wa upasuaji, hufanya taratibu kwa mikono yenu na hubeba dhamana ya ripoti.

Faida, hata hivyo, ni halisi, na si haki kwa wagonjwa kuikataa. Nchini Uswidi, utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 80,000, ambao matokeo yake ya awali yalitolewa mwaka 2023, ulilinganisha usomaji wa kawaida wa picha za matiti, ambapo kila picha husomwa na wataalamu wawili, na utaratibu ambapo akili mnemba huchambua kwanza na kuelekeza ni picha zipi zisomwe na mmoja na zipi na wawili. Mzigo wa kusoma ulipungua kwa asilimia 44, na saratani zilizogunduliwa hazikupungua. Shirika la Afya Duniani nalo lilipendekeza mwaka 2021 kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumika badala ya msomaji wa kibinadamu katika kuchuja picha za eksirei za kifua kwa ajili ya kifua kikuu, kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Pendekezo hilo lina uzito hasa mahali ambapo mashine ya eksirei ipo lakini mtaalamu wa kuisoma picha hayupo.

Swali: Ninasimamia mifumo ya kompyuta hospitalini. Tulinunua modeli ya akili mnemba iliyosifiwa sana, lakini kwetu inakosea mara kwa mara. Kosa ni letu?

Huenda si lenu. Modeli hujifunza chochote kinachoisaidia kupata jibu katika data iliyofunzwa nayo, hata kama kitu hicho hakihusiani na ugonjwa. Mwaka 2018 watafiti nchini Marekani walichunguza modeli za kutambua nimonia katika picha za eksirei na kukuta kwamba ziliweza kutambua picha imetoka hospitali gani, zikatumia ujuzi huo kukisia, kwa sababu nimonia ilikuwa nyingi zaidi katika hospitali moja kuliko nyingine. Zilipopelekwa kwingine, ubora ulishuka. Vivyo hivyo, wataalamu wa ngozi wameeleza kwamba picha zenye rula pembeni zilielekea kuhukumiwa na mashine kuwa saratani, kwa kuwa madaktari huweka rula pale wanapokuwa na wasiwasi tayari.

Wakati mwingine kosa limo katika kile ambacho modeli imeagizwa kutabiri. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2019 ulichunguza algoriti, yaani utaratibu wa kompyuta wa kukokotoa, iliyotumika Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Ilitabiri gharama za matibabu badala ya ugonjwa wenyewe, na kwa kuwa fedha chache zaidi zilikuwa zikitumika kuwatibu wagonjwa Weusi, iliwaona kuwa wana afya kuliko walivyokuwa. Kurekebisha kosa hilo kungepandisha sehemu yao miongoni mwa wanaopewa uangalizi huo kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hakuna mtu aliyeandika ubaguzi katika msimbo. Uliingia kupitia uchaguzi wa kipimo ambacho wengi wangekiona cha kawaida.

Kwa hiyo, kabla ya kutumia modeli yoyote kwa wagonjwa, iendesheni kimyakimya kwa muda juu ya data yenu, majibu yake yasionwe na wanaotibu, kisha linganisheni na kilichotokea kweli, mkitenganisha matokeo kwa umri, jinsia na aina ya mashine iliyopiga picha. Rudieni zoezi hilo kila mnapobadilisha vifaa. Muuzaji asiyekubali hatua hii hastahili kukabidhiwa maisha ya watu.

Swali: Nilipiga picha majibu ya maabara nikaiuliza programu ya mazungumzo. Ilinieleza vizuri sana. Nimwambie daktari?

Mwambie bila aibu. Kutumia zana hizo kuelewa istilahi na kuandaa maswali ni jambo zuri. Usianze wala kuacha dawa kwa neno la mashine, na ukiwa na maumivu ya kifua, shida ya kupumua au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, usiulize chochote: nenda hospitali. Ondoa pia jina lako na namba zako kwenye picha kabla ya kuituma.

Swali: Sisi madaktari tumeletewa chombo kinachosikiliza mazungumzo na kuandika kumbukumbu za mgonjwa. Kinanipunguzia saa nyingi za kuandika. Kuna hatari?

Nafurahi kwamba umepata muda wa kumtazama mgonjwa usoni badala ya kutazama skrini, na faida hiyo isidharauliwe. Hatari ni kwamba programu hizi zinaweza kuongeza jambo lisilosemwa au kuacha neno la kukanusha, na mgonjwa mwenye mzio wa dawa akaandikwa kuwa hana. Soma kumbukumbu mgonjwa akiwa bado mbele yako, uisahihishe, ndipo utie sahihi. Pata ridhaa yake kabla ya kurekodi, na ujue sauti hiyo inahifadhiwa wapi na kwa muda gani.

Swali: Programu ikimdhuru mgonjwa, nani awajibike?

Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iliyoitwa Therac-25 iliwapa wagonjwa sita nchini Marekani na Kanada dozi kubwa mno, na wengine wao walifariki. Katika mashine zilizoitangulia, vizuizi vya vifaa vilizuia mionzi isitoke kimakosa; katika hii, ulinzi huo uliachiwa programu. Mojawapo ya hitilafu ilijitokeza pale tu mhudumu mzoefu aliposahihisha taarifa kwenye kibodi haraka sana. Skrini ilionyesha ujumbe wa hitilafu usioeleweka, wahudumu walikuwa wamezoea kuupita na kuendelea, na mtengenezaji alishikilia kwa muda kwamba dozi kupita kiasi haiwezekani.

Ninakitaja kisa hicho kwa sababu hakikuwa na akili mnemba ndani yake, lakini maswali yake ni yaleyale. Mtengenezaji awajibike kwa alichokitengeneza na kwa kusikiliza taarifa za hitilafu; hospitali iwajibike kwa kukagua na kufundisha; mhudumu awajibike kwa uamuzi aliopewa uwezo halisi wa kuufanya. Nakazia uwezo halisi. Kumweka muuguzi mbele ya skrini, bila muda wala maelezo ya kumwezesha kuikataa mashine, kisha kumlaumu ikikosea, ni dhuluma. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 kuhusu akili mnemba katika afya inataka uwajibikaji uwe wazi na uamuzi wa kitabibu ubaki mikononi mwa binadamu. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu akili mnemba, iliyoanza kutumika Agosti 2024 kwa awamu, inadai usimamizi wa binadamu kwa mifumo yenye hatari kubwa.

Swali: Ninafundisha madaktari vijana. Naogopa kwamba wakizoea zana hizi watapoteza jicho lao. Hofu yangu ni ya kizamani?

Ina ushahidi. Utafiti wa nchini Poland uliochapishwa mwaka 2025 uliangalia madaktari wanaochunguza utumbo mpana kwa kamera. Baada ya vituo vyao kuanza kutumia akili mnemba, kiwango chao cha kugundua vinyama vinavyoweza kugeuka saratani katika uchunguzi uliofanywa bila msaada huo kilishuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4. Huo haukuwa utafiti wa kuwapanga washiriki kwa bahati nasibu, hivyo sababu nyingine zinaweza kuwa zimechangia, lakini unatosha kutuamsha, hasa kwa kuwa hao walikuwa wazoefu. Kijana ambaye hajawahi kuwa na jicho hilo yuko katika hali mbaya zaidi.

Wape vijana wako picha na wagonjwa wa kutathmini wakiwa wamezima zana, waandike hitimisho lao na kiwango cha uhakika wao, ndipo wafungue jibu la mashine na kulijadili. Wachagulie kwa makusudi mifano ambayo mashine ilikosea kwa kujiamini, na mingine ambayo ilikuwa sahihi wao wakakosea. Zoezi hilo lipangiwe saa katika ratiba kama kazi nyingine yoyote, kwa sababu likiachwa lifanyike muda ukipatikana, halitafanyika.