Mume anaweka akiba ya uzeeni, nyumbani tunabanwa

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mume wangu ana miaka 52, ameajiriwa hapa Tanga na anataka kustaafu kwa hiari akifika 55. Mbali na makato ya NSSF, karibu nusu ya mshahara anaiweka benki, akaunti ya muda maalumu. Nyumbani chai ni ya rangi, mtoto anakwenda shule hana madaftari. Nikisema, ananijibu israfu ni haramu. Je, akiba hii si kukosa tawakkul, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu? Na nikichukua pesa mfukoni mwake bila kumwambia, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah.

Kwenye tawakkul mumeo hana kosa. Bukhari amepokea kutoka kwa Umar kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuza tende za mashamba yaliyokuwa ya Banu Nadhir, kabila la Kiyahudi la Madina, na kuwawekea ahli zake chakula cha mwaka. Na Saad bin Abi Waqqas alipotaka kuusia sehemu kubwa ya mali yake, alizuiwa asipite thuluthi, akaambiwa kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha mafukara wakiomba watu.

Lakini tazama ile akiba ya Mtume ilikuwa ya nini: chakula cha wakeze. Mumeo ameshika nusu ya aya. Al-Furqan 67 inawasifu ambao wakitoa hawafanyi israfu wala ubahili. Matumizi ya mke na watoto ni wajibu wa leo, na akiba ya uzeeni hutoka kwenye kinachobaki. Sisemi mle kuku kila siku. Nyumba isiyo na uwezo, chai ya rangi si dhulma. Dhulma ni pale pesa ya maziwa na madaftari ipo, ila imefungiwa benki.

Kuhusu mfuko wake, Hind bint Utba alimshtakia Mtume kuwa mumewe, Abu Sufyan, ni bahili, hampi cha kumtosha. Mtume akamwambia: "Chukua kinachokutosha wewe na mwanao kwa wema." Basi unga, mafuta na madaftari, chukua. Sare ya harusi ya shoga yako, hapana. Ila kwanza kaeni mpige hesabu ya mwezi pamoja, na akikataa, waiteni wazee wa pande zote mbili.

Kuna jambo hukuliuliza, nami naona ndilo zito zaidi. Faida ya kiwango maalumu anayoahidiwa na benki ni riba. Ahamishie pesa kwenye huduma ya benki ya Kiislamu. Mtaji ni halali yake. Riba iliyokwisha ingia awape wenye shida bila kutarajia thawabu. Na mtaji huo ukifikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na kupitiwa na mwaka wa Hijria, una zaka ya asilimia 2.5. Makato ya NSSF bado hayako mikononi mwake, na wanazuoni wengi wa leo hawamdai zaka yake mpaka alipwe.

Wallahu a'lam.