Punguzo la asilimia 35, limekatwa kwenye bei gani?

Msomaji ametuma picha ya tangazo na swali la maneno mawili: "Kaka, niichukue?" Tangazo ni la kompyuta ya gemu iliyoundwa tayari: prosesa ya Intel Core i9-14900KF, kadi ya michoro ya Nvidia RTX 4080 Super, RAM GB 32, SSD TB 2, inapozwa kwa maji, taa za kila rangi, punguzo la asilimia 35, ofa inaisha Jumapili. Bei ya zamani imepigwa mstari mwekundu.

Kila msimu wa ofa swali hili linarudi, na wengi huliuliza wakiwa wameshalipa. Hizi ni hela ambazo mtu amezidunduliza miezi na miezi. Zinastahili hesabu ya saa moja kabla hazijatoka mfukoni.

Anza na ule mstari mwekundu. Bei iliyopigwa mstari mara nyingi ni bei ya siku mashine ilipoingia sokoni, na vifaa vya kompyuta havikai na thamani yake ya siku ya kwanza. RTX 4080 Super ilitoka Januari 2024. Mwaka mmoja baadaye zikaja kadi za kizazi kipya, RTX 50, na 5070 Ti, iliyo ngazi moja chini ya 5080, inakwenda karibu sawa na 4080 Super kwenye gemu nyingi. Ina GB 16 zile zile za kumbukumbu na inakula wati 300 badala ya 320. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mashine hii ni rahisi, ipime na mashine ya 5070 Ti inayouzwa leo. Bei yake yenyewe ya zamani isahau. Ukikuta ya 5070 Ti kwa hela hiyo hiyo, punguzo limeyeyuka lote hapo hapo.

RTX 4090 ni habari tofauti. Ina GB 24 na bado inaitangulia 5080 kwenye gemu nyingi, ingawa ni ya kizazi cha nyuma. Ikitokea kwenye mashine ya punguzo, usiipe thamani ya kadi iliyopitwa na wakati. Na ukilinganisha vizazi, tumia vipimo vya fremu halisi, yaani picha ambazo kadi imezichora yenyewe kila sekunde. RTX 50 zina uwezo wa kutengeneza fremu kadhaa za akili mnemba kwa kila fremu moja halisi. Picha inaonekana laini zaidi, lakini mkono wako haupati wepesi wowote kwenye gemu za kulengana risasi. Tangazo linalojumlisha fremu hizo na zile halisi linakuuzia namba tu.

Sasa chukua karatasi. Andika vifaa vinane: prosesa, kipoozeo, ubao mama, RAM, SSD, kadi ya michoro, pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme ndani ya mashine), na kesi pamoja na feni zake. Kama Windows yenye leseni imo, nayo iandike. Mbele ya kila kimoja weka bei ya leo ya kifaa kipya. Pale ambapo tangazo halijataja modeli, weka bei ya kifaa cha chini kabisa chenye sifa hizo. Muuzaji aliyeweka pawasaplai nzuri huitaja jina. Akiandika tu "wati 750", ichukulie kuwa ya kawaida kabisa.

Jumla ukishaipata, kipimo changu ni hiki. Mashine ikiwa chini ya jumla, endelea kuichunguza. Ikizidi jumla kwa asilimia 10 hivi, bado ni sawa kwa mtu asiyetaka kuunda mwenyewe, kwa kuwa anapata kazi ya fundi na waranti moja ya mashine nzima. Ikipita asilimia 20, hiyo ni bei ya kawaida iliyovishwa neno ofa.

RAM itazame kwa makini zaidi siku hizi. Kuanzia miezi ya mwisho ya 2025 bei yake imepanda sana, kwa sababu viwanda vya chipu za kumbukumbu vinaelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Mashine iliyoundwa kabla ya hapo imebeba RAM ya bei ya zamani, na ndiyo sababu baadhi ya mashine za tayari sasa zinauzwa chini ya jumla ya vifaa vyake. Hizo ndizo ofa za kweli. Upande wa pili wa hali hiyo ni mashine za bei kubwa zinazopewa kijiti kimoja cha GB 16 ili tangazo lipendeze. Hiyo ina hasara mbili: kumbukumbu ni ndogo, na kijiti kimoja kinaiachia prosesa njia nusu ya kupitishia data. Uliza "vijiti vingapi, kasi gani". Jibu zuri kwa DDR5, RAM ya kizazi cha sasa, ni viwili, kasi ya 6000 au karibu yake. Vinne vinajaza ubao na kupendeza macho, lakini mara nyingi vinailazimisha RAM kushuka kasi ili mashine isiyumbe.

Turudi kwenye ile i9, maana hapa ndipo wengi wanaponaswa na jina.

Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 za kompyuta ya mezani zilikuwa na kasoro ya volti. Prosesa ilijiombea volti kubwa kupita kiasi, na taratibu sehemu ya ndani yake ikachakaa. i9 ndizo zilizolalamikiwa zaidi. Intel walitoa maikrokodi (maagizo ya ndani yanayoiongoza prosesa) ya 0x129 Agosti 2024, kisha 0x12B Septemba mwaka huo huo. Maikrokodi inazuia uharibifu usitokee. Prosesa iliyokwisha kuchakaa haiponi. Mashine mpya iliyofungwa kwenye boksi tangu mwanzoni mwa 2024 bado ina BIOS ya zamani, yaani programu ya ubao mama inayoiamsha mashine na kubeba maikrokodi hiyo. Kabla ya kucheza gemu hata moja, sasisha BIOS, kisha ingia ndani yake na uchague mpangilio wa msingi wa Intel. Kama mashine imetumika, imerudishwa dukani au imekarabatiwa, usiichukue bila waranti ya maandishi inayotaja prosesa.

Dalili yake inawapoteza wengi. Gemu linaanguka likiwa linaandaa sheda (programu ndogo za kuchora picha), na ujumbe unasema kumbukumbu ya kadi ya michoro imeisha. Kadi ina GB 16, gemu linatumia GB 8, na bado ujumbe ni huo huo. Mtu anabadilisha draiva, anabadilisha hata kadi, kumbe mgonjwa ni prosesa. Intel waliongeza waranti ya prosesa hizi kwa miaka miwili, lakini iliyokuja ndani ya mashine nzima inadaiwa kwa aliyeunda mashine. Muulize muuzaji waziwazi kama anaitekeleza.

Hata ikiwa nzima, kwa gemu tu i9 hii haina sababu ya kuongeza bei. Ryzen 7 7800X3D ya AMD, yenye viini vinane tu, inakwenda nayo bega kwa bega au kuipita kwenye gemu nyingi huku ikitumia sehemu ndogo ya umeme wake. Tena LGA1700, soketi ambayo i9 hii inakaa kwenye ubao mama, imefika mwisho, ilhali AMD wameahidi kuitunza soketi yao ya AM5 hadi 2027 na kuendelea. Herufi F nayo isome: KF haina michoro ya ndani, kwa hiyo kadi ikifa huna picha kabisa hata ya kutafutia tatizo.

Yasiyotajwa kwenye tangazo

Matangazo mengi yanataja prosesa, kadi, RAM na SSD. Pawasaplai na ubao mama hayataji, na kwenye vifaa hivyo viwili ndipo gharama inapobanwa.

Omba picha ya lebo ya pawasaplai, iliyopigwa karibu hadi namba zisomeke. Tafuta safu ya +12V. Kadi na prosesa zote zinakula hapo, kwa hiyo wati nyingine zilizoandikwa hazikusaidii sana. Pawasaplai nzuri ya wati 850 inaonyesha kama ampea 70 kwenye safu hiyo. Zidisha kwa 12, unapata 840. Ukikuta ampea 54, una wati 648 hata kama ubavuni wameandika 750. Sasa weka mzigo: kadi wati 320, i9 inaruhusiwa kufika 253, hapo ni 573. Ongeza pampu, feni, diski na vifaa vya USB, umeshagonga 640. Na 4080 Super ina tabia ya kuruka juu ya wati zake kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Mashine ya namna hiyo inazimika ghafla katikati ya gemu bila ujumbe wowote, na inawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Alama ya 80 Plus Gold haitakukinga na hilo, maana inapima umeme unaopotea tu. Tafuta maandishi ya ATX 3.0 au 3.1: kiwango hicho kinaitaka pawasaplai ihimili miruko ya kadi hadi mara mbili ya uwezo wake kwa muda mfupi sana. Nvidia wenyewe wanapendekeza angalau wati 750 kwa 4080 Super, 850 kwa 4090 na 1000 kwa 5090.

Ubao mama unaweza kuusoma kwenye picha ya ndani. Plagi kuu ya umeme ya kawaida ina pini 24, safu mbili za 12. Ukiona ndogo kuliko hapo, ubao ni wa umbo la kampuni yenyewe au wa mfumo wa volti 12 pekee, na pawasaplai ya kawaida haitaingia. Ubao ukifa baada ya waranti kuisha, hupati wa kuubadilishia dukani, na mara nyingi kesi nayo haikubali ubao mwingine. Mashine kama hiyo ikatie thamani kubwa kwenye karatasi yako, maana hutaiboresha, utaiuza nzima. Angalia pia kando ya prosesa: panatakiwa pawe na vipande vinene vya alumini juu ya saketi za kugawa umeme. Zikiwa wazi, i9 itapunguziwa kasi kila inapofanya kazi nzito, na umelipia kasi usiyoipata.

Kipoozeo cha maji kwa i9 kiwe na rejeta ya milimita 360. Ya 120 ni pambo. Kesi yenye kioo kitupu mbele na bila njia ya hewa inarudisha joto lile lile ndani. Kuhusu SSD, uliza modeli basi. Zile za QLC (chipu za bei nafuu) zisizo na DRAM (kumbukumbu yao ya haraka) zinaanza kwa kasi na kulegea vibaya unaponakili gemu kubwa, lakini SSD inabadilishika kwa bisibisi moja, haitoshi kuvunja dili.

Siku mashine inapofika

Rekodi video unapofungua boksi. Kabla ya kuchomeka umeme, fungua ubavu na utoe sponji au mfuko wa povu uliowekwa ndani kushikilia kadi njiani. Wapo wanaowasha nao ukiwa ndani. Bonyeza kadi kwa upole uone kama imekaa kwenye soketi yake. Ile plagi ya pini 16 ya kadi isukume hadi isibaki nafasi hata ya ukucha, na waya wake usikunjwe ndani ya sentimita tatu na nusu kutoka kwenye plagi, wala usisukumwe na kioo cha ubavuni. Plagi iliyoingia nusu inapata moto na kuyeyuka. Kisha chomeka waya wa skrini kwenye kadi, siyo kwenye ubao mama. Nenda kwenye mipangilio ya Windows uweke kasi ya skrini, maana mara nyingi imeachwa kwenye Hz 60.

Fungua GPU-Z, programu ya kusoma sifa za kadi. 4080 Super halisi inaonyesha sheda (hapa ni viini vya kuchora) 10240, ROP (sehemu za kumalizia picha) 112, kumbukumbu GB 16 na basi (njia ya kumbukumbu) ya biti 256. Usione ni kazi bure: mwanzoni mwa 2025 Nvidia walikiri kwamba baadhi ya 5090 na 5070 Ti zilitoka kiwandani zikiwa na ROP pungufu. 5090 iwe na 176, 5070 Ti iwe na 96. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc, tazama kasi ya RAM. Ikisoma 4800 wakati umeuziwa 6000, washa XMP au EXPO, mpangilio wa kuipa RAM kasi yake kamili, ndani ya BIOS.

Mwisho cheza gemu zito saa nzima, programu ya vipimo ya HWiNFO ikirekodi. Kadi ya RTX 40 ikae chini ya nyuzi 80, na sehemu yake yenye joto kali zaidi (Hot Spot) isizidi joto la kadi kwa zaidi ya nyuzi 25. Ikipita hapo, kipoozeo hakikukaa vizuri juu ya chipu. Yafanye haya yote ndani ya siku za kurudisha bidhaa, na maboksi usiyatupe.

Kwa ndugu aliyeuliza: usiichukue bado. Mtumie muuzaji ujumbe leo uombe picha ya lebo ya pawasaplai, modeli ya ubao mama, idadi ya vijiti vya RAM, na toleo la BIOS. Wakati unasubiri, tafuta bei ya mashine ya Ryzen 7 7800X3D au 9800X3D yenye 5070 Ti. Ikiwa ndani ya asilimia 10 ya hii, chukua hiyo. Ikiwa ghali zaidi ya hapo na majibu yote manne ni mazuri, chukua i9 na uisasishe BIOS usiku huo huo. Akikujibu kwamba lebo haionekani vizuri ndani ya kesi, skrubu za ubavuni ni mbili tu.