Uliza Fundi: Injini ya Altezza kwenye Peugeot 504

SWALI: Fundi shikamoo. Nina 504 saluni ya marehemu baba, bodi bado iko poa ila injini imekufa kabisa. Nimepata hafukati (nusu ya mbele ya gari iliyokatwa) ya Toyota Altezza, injini 3S-GE na giaboksi yake ya gia 6. Itaingia? – Msomaji, Thika

JIBU: Marahaba kijana wangu, na hongera kwa kuitunza gari ya mzee. Kuingia itaingia, injini siyo shida sana, unachomelea mauntini (vishikio vya injini) mpya tu. Shida iko nyuma. Hiyo 504 haina propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma) ya wazi kama Toyota, shafti inapita ndani ya bomba zito lililofungwa kutoka giaboksi hadi difu (giaboksi ndogo ya nyuma inayozungusha magurudumu), kwa hiyo ukitoa giaboksi ya Peugeot lile bomba linabaki halina pa kushika, na ndo hapo watu wengi hukwama gari inakaa kwenye mawe miaka. Tafuta difu na ekseli ya Toyota ya kuendesha nyuma, upime upana kwanza jamani, halafu propela ikatwe na ibalansiwe.

Waya zote za hafukati chukua, kompyuta, na ufunguo wenyewe maana kama ina imobilaiza (kinga ya wizi), ikikosa ufunguo wake injini haiwaki. Pampu ya petroli ya kabureta itoe, injekta zinataka presha kubwa. Breki pia ziangalie, hiyo injini ina nguvu mara mbili au zaidi ya ile ya zamani!

Na namba mpya ya injini uipeleke NTSA (mamlaka ya usafiri ya Kenya) ibadilishwe kwenye logibuku.